Mpwa wa mwenyekiti, barua yenye mhuri, na maswali mengine ya ajira

Safari hii tumechagua barua za wasomaji walioko kwenye makao ya watoto, mashirika ya ustawi wa jamii na vituo vya waraibu. Wengine wanaajiri, wengine wanatafuta kazi. Sheria tunazozitaja ni za Tanzania Bara. Pale tulipogusa Kenya tumesema.

Mwenyekiti wa bodi yetu ana mpwa aliyesomea ustawi wa jamii, naye ameomba nafasi ya ofisa ustawi tuliyoitangaza. Vyeti vyake havina shida. Tatizo ni kwamba mwenyekiti ndiye huongoza jopo la usaili kila mwaka. Tumkatae mtoto wa watu kwa sababu ya mjomba wake?
*Mratibu wa shirika, Mwanza*

Msimkatae. Undugu si kosa la mwombaji. Anayetakiwa kutoka ni mjomba, tena mapema, kabla bahasha za maombi hazijafunguliwa. Akisubiri mpaka asubuhi ya usaili, watu wakiwa wameshapanga viti, atakuwa amechelewa.

Kutoka maana yake ni kutoka kweli. Asichuje maombi, asitunge maswali, asikae chumbani, asipelekewe matokeo kabla ya wajumbe wengine wa bodi, na barua ya ajira isainiwe na mtu mwingine. Kuna wanaokaa kwenye kona ya chumba na kujiita waangalizi. Mhasibu na mratibu walioko kwenye jopo wanauona uso wake vizuri kabisa kutoka kwenye hiyo kona.

Andaeni fomu ya ukurasa mmoja ya kutangaza mgongano wa masilahi. Kila mjumbe aijaze akishaona orodha ya majina, kabla hajaona vyeti. Maswali matatu yanatosha: Je, kuna mwombaji ambaye ni ndugu yako, mkwe, mpenzi au rafiki wa karibu? Je, kuna unayemdai au anayekudai? Je, kuna mtu yeyote aliyekupigia simu au kukupa kimemo kuhusu mwombaji? Hilo la tatu ndilo litakalowafanya watu wajikune kichwa, kwa hiyo msilifute.

Mkishamtoa mwenyekiti msidhani mmemaliza. Upendeleo mwingi hauhitaji kimemo, kalamu inatosha. Tazameni hesabu hii. Wasaili watatu, alama 100. Mwombaji namba 4 amepata 74 na 71 kwa wasaili wawili wa kwanza, namba 7 amepata 62 na 60. Msaili wa tatu, mwenye mtu wake, anampa namba 4 alama 45 na namba 7 alama 90. Wastani wa namba 4 unakuwa 63.3, wa namba 7 unakuwa 70.7. Mtu mmoja amewashinda wawili, na kwenye jedwali la mwisho kila kitu kinaonekana halali.

Dawa yake ni hii. Kila msaili ajaze karatasi yake kwa kalamu ya wino na kusaini kabla hamjazungumza lolote kuhusu mwombaji aliyetoka. Penye tofauti ya zaidi ya alama 15 kati ya wasaili, wanaotofautiana waeleze kwa maneno mwombaji alisema nini hasa, na maelezo hayo yaandikwe. Atakayebadilisha alama akate ile ya zamani kwa mstari mmoja, ibaki ikisomeka, na kusaini pembeni. Karatasi zinazojazwa kwa penseli ni za kuogopwa.

Mgawo wa alama nao uandikwe kabla ya tangazo kutoka. Kwa ofisa anayeshughulikia mashauri ya watoto tungeuweka hivi: ulinzi wa mtoto 30, zoezi la shauri 25, kuandika ripoti 20, maadili na mipaka ya kazi 15, mawasiliano 10. Mkiuandika baada ya kuona majina, bila hata kukusudia mtaishia kukipa uzito kile ambacho mtu mnayemtaka anacho.

Zoezi la shauri liwe nusu ukurasa. Kwa mfano: binti wa miaka 13 hajaonekana shuleni wiki tatu, bibi yake anasema yuko kwa shangazi, ada yake inalipwa na mwanamume ambaye bibi hataki kumtaja. Mwombaji aeleze atafanya nini ndani ya saa 24, atamwarifu nani, na nini hatakifanya. Hapo kwenye kile asichokifanya ndipo waombaji wanapoachana. Aliyeiva atasema hatamhoji binti mbele ya bibi, hatamwendea yule mwanamume peke yake, na hatamwahidi binti siri ambayo sheria itamlazimu kuitoa. Aliyekariri atakutajia Sheria ya Mtoto ya 2009 kuanzia kifungu cha kwanza na kusahau kwamba bibi ana jirani.

Mpwa akishinda kwa njia hiyo, mwajirini bila kuona haya. Mwenyekiti asikae tena kwenye kikao chochote kinachojadili mshahara wake, likizo yake au nidhamu yake, na hilo liandikwe kwenye muhtasari wa bodi.

Tuna watoto 38 na walezi watatu wa usiku. Mmoja ameacha kazi ghafla. Tumempata mwingine: ana barua ya mwajiri wake wa zamani yenye mhuri, inamsifu mno, na ana hati ya tabia njema ya Polisi. Anaweza kuanza Jumatatu huku sisi tukiendelea kumhakiki?
*Mkuu wa makao ya watoto, Morogoro*

Asianze. Kama kuna jibu moja kwenye ukurasa huu ambalo hatulilainishi, ni hili. Mlipeni mlezi aliyepo saa za ziada, mwombeni mlezi mstaafu arudi kwa wiki mbili, au wewe mwenyewe ulale hapo. Mtu asiyehakikiwa asiachwe na watoto usiku hata kwa siku moja, kwa sababu haraka ya namna hii ndiyo mlango anaoutafuta mwenye nia mbaya. Makao yenye pengo la walezi humpokea mtu bila kumuuliza maswali, naye analijua hilo.

Sasa ile barua. Barua iliyoletwa mkononi na mwombaji inathibitisha jambo moja tu, kwamba kuna mtu mwenye mhuri. Mihuri inachongwa mjini ukiwa unasubiri. Na hata ikiwa halali, barua tamu wakati mwingine ni malipo: mtu amefanya jambo, ofisi haitaki aibu, wanakubaliana aache kazi kimya kimya na kupewa maneno mazuri ya kuondokea. Mwaka 2018 dunia ilisoma jinsi mkuu wa shirika la misaada la Oxfam nchini Haiti alivyojiuzulu mwaka 2011 kufuatia uchunguzi wa mienendo ya ngono ya watumishi, kisha akaajiriwa na shirika jingine huko Bangladesh. Wale waliompokea hawakuwa wameambiwa kilichotokea.

Hati ya Polisi ni ya lazima lakini haitoshi. Inasoma alama za vidole na kumbukumbu zilizopo. Shauri lililomalizwa kifamilia kwa faini ya mbuzi na magodoro haliko humo. Kwa wasomaji wa Kenya ni vilevile kwa cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi: kinaonyesha kilichofika polisi, basi.

Fanyeni hivi. Ombeni wadhamini watatu, mmoja wao awe aliyemsimamia moja kwa moja kwenye kazi ya mwisho. Mchungaji, shehe na mwalimu wa zamani wanakaribishwa, ila hawachukui nafasi ya huyo. Namba ya simu itafuteni wenyewe, kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri husika au anwani rasmi ya taasisi. Msipige ile iliyoandikwa kwenye wasifu, maana wakati mwingine inaita mfukoni mwa shemeji. Pigeni mkiwa wawili, mmoja akiuliza na mwingine akiandika.

Ulizeni tarehe ya kuanza na ya kuacha, kisha mlinganishe na wasifu. Ulizeni aliachaje. Ulizeni kama wakati anaondoka kulikuwa na uchunguzi au malalamiko yoyote yanayomhusisha na mtoto, hata yale ambayo hayakuthibitishwa. Halafu malizieni kwa swali lenye picha: “Mngemwajiri tena kukaa peke yake na watoto usiku?” Swali la jumla, kwamba ni mtu mzuri au vipi, kila mtu hulijibu kwa ukarimu. Hili la usiku huwafanya watu wanyamaze kidogo. Andikeni na huo ukimya. Kama taasisi inasema sera yake ni kuthibitisha tarehe tu, hilo peke yake si ushahidi dhidi ya mtu. Ombeni kuzungumza na ngazi nyingine, au rudini kwa mwajiri wa kabla ya huyo.

Pengo kwenye wasifu nalo liulizwe, kwa adabu. Miezi minane bila kazi inaweza kuwa uzazi, kumuuguza mzazi au kilimo. Mwombeni ataje mtu mmoja anayeweza kuthibitisha.

Mashirika ya misaada yana mpango wa pamoja ulioanza mwaka 2019, ambapo mwajiri mpya huwauliza waajiri wa miaka 5 iliyopita kama mtu amewahi kukutwa na kosa la unyanyasaji wa kingono au kuwatumia vibaya wanufaika. Hata kama makao yenu hayamo, igeni utaratibu wake: mwombaji anasaini ridhaa kwenye fomu ya maombi kwamba mtauliza, mtauliza nini, na majibu yatatunzwa na nani. Ridhaa hiyo si mapambo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu ninyi pia. Kenya wana yao ya 2019. Anayekataa kusaini ana haki ya kukataa, nanyi mna haki ya kutoendelea naye.

Usaili wa mlezi usiishie kwenye “unapenda watoto?” Mpeni hili: mtoto wa miaka 9 amekojoa kitandani saa nane usiku, mara ya nne wiki hii, wenzake wanacheka. Unafanya nini, hatua kwa hatua? Sikilizeni taa, shuka, maji ya kuoga, na maneno atakayowaambia wale wanaocheka. Sikilizeni kama atamwachia mtoto faragha ya kubadili nguo, na kama atakumbuka kuandika kwenye daftari la zamu ili asubuhi muuguzi aangalie maambukizi ya njia ya mkojo au jambo linalomtisha mtoto. Anayependekeza mtoto abebe shuka lake uwanjani ili ajifunze, mshukuruni kwa kuja. Na anayerudia rudia kwamba watoto humpenda kuliko walezi wengine wote na humfuata hadi chumbani kwake, mwulizeni zaidi.

Nimefaulu usaili wa kituo cha ushauri nasaha. Sasa wananitaka nilete majibu ya VVU na kipimo cha mimba kabla ya kusaini mkataba. Ni sawa?
*Mwombaji, Dodoma*

Si sawa, yote mawili. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 hairuhusu kumlazimisha mtu kupima ili apate ajira. Mimba na hali ya VVU zimo kwenye orodha ya mambo ambayo kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza kuyatumia kumbagua mtu, pamoja na kabila, dini, ulemavu, ndoa na majukumu ya familia. Kifungu hicho kinamlinda hata anayeomba kazi.

Dada, waombe matakwa hayo kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Mara nyingi hapo ndipo yanapoyeyuka. Yasipoyeyuka, peleka maandishi hayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usikawie, kwa sababu muda wa kufungua mgogoro huhesabiwa kwa siku.

Kituo chetu kinahudumia waraibu wa heroini. Kijana aliyepata nafuu kwetu ameomba kazi ya kuelimisha rika. Alifungwa mwaka 2016 kwa wizi. Wafanyakazi wamegawanyika: wengine wanasema ndiye anayefaa kuliko wote, wengine wanasema teja ni teja.
*Msimamizi wa kituo, Tanga*

Hao wa “teja ni teja” waanze kwa kuliacha hilo neno ofisini kwenu. Kazi ya kuwafikia watu maskani haifanyiki vizuri bila mtu aliyewahi kukaa hapo, anayejua saa wanayoamka na nani anaaminika kijiweni. Tangu Hospitali ya Muhimbili ianze kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mwaka 2011, wanaopona wamekuwa daraja la wengine kufika kliniki.

Ila kumwajiri mtu aliyekuwa mteja wenu kuna miiko yake, na wa kwanza unawahusu ninyi kabla haujamhusu yeye. Yote mnayoyajua kutoka kwenye jalada lake mliyapata kama wahudumu, si kama waajiri. Jopo halina ruhusa ya kuyatumia, kwa uzuri wala kwa ubaya. Mshauri nasaha aliyemhudumia asikae kwenye jopo, wala asiombwe “maoni ya pembeni”. Kama kifungo cha 2016 mmekijua kupitia jalada, mnakisahau mpaka kitokee kwa njia ileile inayotumika kwa waombaji wote: swali kwenye fomu, au hati ya Polisi.

Kikishatokea, pimeni kwa mambo manne: kosa lilikuwa gani, ni muda gani umepita, alikuwa kwenye hali gani wakati ule, na kazi hii inampa nafasi ya kulirudia au la. Wizi uliofanywa wakati wa uraibu, miaka mingi nyuma, kwa mtu atakayegawa vipeperushi na kusindikiza watu kliniki, ni jambo dogo. Ingekuwa nafasi ya kutunza fedha au stoo ya dawa, mngeweka saini mbili na kuendelea kufikiri. Kosa dhidi ya mtoto halipimwi hivi. Huyo hafai kazi ya kukaa na watoto, liwe la lini.

Tunashauri iwe imepita angalau miezi 12 tangu huduma yake ifungwe rasmi kwenu. Akiajiriwa, jalada lake liondoke kwenye kabati la kawaida na kufungiwa kwa mtu mmoja anayejulikana, na kwenye kompyuta lizibwe, maana siku moja atatumwa kutafuta jalada la mwingine kwenye droo hiyohiyo. Msimamizi wake asiwe mshauri wake wa zamani. Akihitaji msaada tena aupate kituo kingine, na mkubaliane hilo siku ya kusaini mkataba, pamoja na kitakachofanyika akiteleza: likizo ya matibabu ya siku ngapi, nani ataambiwa, atarudi kwa masharti gani. Kuyajadili hayo akiwa ameshateleza ni kuchelewa.

Na mshahara. Kuna vituo vinavyowalipa wenye vyeti mishahara na waliopitia uraibu “posho ya nauli”, kwa kazi ileile na saa zilezile. Kama yumo kwenye ratiba ya kazi, alipwe kama wengine wa ngazi yake na awe na mkataba wa maandishi.

Tuna binti anayejitolea miaka miwili sasa. Fedha za mradi zimekuja, nafasi moja. Tumpe tu, au tutangaze?
*Meneja wa mradi, Lindi*

Tangazeni, na mwambieni mapema kwamba mnatangaza na kwa nini, ili asisikie kwa watu. Uzoefu wake uhesabiwe kwa kigezo kilicho wazi kwa wote, tuseme alama hadi 10 kwa aliyefanya kazi na jamii ya eneo hilo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kigezo kisisomeke “aliyejitolea kwetu”, la sivyo tangazo ni la kuigiza, na watu watapoteza nauli zao kuja kumsindikiza mshindi. Kama kweli mmeshaamua, ni afadhali bodi iandike uamuzi na sababu zake, mumwajiri bila tangazo, ikiwa kanuni zenu na mkataba wa mfadhili vinaruhusu. Usaili wa geresha ni mbaya kuliko vyote viwili.

Ila tuna swali kwenu. Mtu aliyekuja siku tano kwa wiki kwa miaka miwili, akashika mashauri na kuandika ripoti, alikuwa anajitolea au alikuwa mfanyakazi asiyelipwa? Wenye uwezo wa kufanya kazi bure miaka miwili ni wale ambao nyumbani kuna wa kuwalisha. Mkiwachukua hao tu, waliokulia kwenye shida mnazozihudumia hawatafika kamwe kwenye meza yenu ya usaili. Wekeni ukomo wa miezi mitatu hadi sita, nauli na chakula, na kazi isiyohusisha kushika shauri peke yake.

Aliyenisaili amenipigia jioni akasema nafasi ni yangu “tukielewana”, nimkute hotelini. Nina ujumbe wake. Naogopa nikisema nitaharibu jina langu kwenye fani nzima.
*Mwombaji, Arusha*

Usiende, na usimtukane kwa ujumbe. Piga picha za skrini zenye tarehe na saa, zihifadhi kwenye simu nyingine, andika maneno ya ile simu ungali unayakumbuka. Hiyo ni rushwa ya ngono, imo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na anayeiomba anatenda kosa. Piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113, ni bure, kabla hujamjibu chochote, kwa sababu wakikutaka uendelee kuwasiliana naye watakuelekeza namna ya kufanya.

Kwa shirika, mwandikie mwenyekiti wa bodi, si ofisa rasilimali watu aliye chini ya huyo bwana. Omba jambo moja mahususi: usaili urudiwe na jopo jingine. Si wewe peke yako uliyepigiwa simu jioni ile, na mwingine huenda ameshapanda bodaboda.